Kiapo cha Ami na Posa ya Kileleshwa

Kangemi, Nairobi
11 Septemba 2022

Kwa Ami Abdulrauf,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na Mamkubwa Salme mzima, na goti lake limetulia. Mimi sijambo isipokuwa mafua. Nimekunywa tangawizi, kwa hiyo usimwambie Mamkubwa, asije akatuma tena yale mafuta ya papa. Chupa ya mara ya mwisho ilimwagika kwenye begi na mpaka leo shati langu la kazini lina harufu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nimesikia umejitoa kwenye kundi la familia la WhatsApp, na simu umeifungia kabatini tangu siku ya hukumu ya Mahakama ya Juu juu ya kura ya urais. Mamkubwa alinieleza kwamba ulijumlisha kura za nchi nzima peke yako kutoka kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi, ukapata jumla tatu tofauti, na katika zote tatu mtu wako ameshinda. Sikucheka, Ami. Nilimwambia ni kazi kubwa.

Huku ni salama. Ofisini, mwajiri wangu Bi Wangui, yule mwanasheria, amebandika tangazo mlangoni: SIASA IACHWE KWENYE NGAZI. Matokeo yake ni kwamba wafanyakazi wa ghorofa zote sasa hukutana kwenye ngazi saa ya chakula, na kupita na faili ni shida. Mimi hupita nikisema samahani. Nyumbani, jirani yangu Dalmas, fundi wa mabomba, huniuliza kila jioni: "Munir, si utuambie tu, we ni wa nani?" Mimi humjibu kwamba ni wa mwenye nyumba mpaka nilipe kodi.

Ami, jambo lenyewe ni hili. Nataka kuoa.

Anaitwa Nabiha. Baba yake ni Maalim Badawi, mwenye duka la kofia na manukato mtaa wa Biashara, na jioni husomesha madrasa. Asili yao ni Lamu lakini wanakaa Kileleshwa. Bi Wangui alinituma dukani na mkataba wa pango. Nabiha, ambaye kazi yake ni duka la dawa lakini Jumamosi humsaidia baba yake, aliusoma wote mpaka yale maandishi madogo, akaniuliza maswali nisiyoweza kuyajibu. Nilirudi siku ya pili na majibu. Siku ya tatu nilirudi bila swali wala jibu, na Maalim akaniangalia juu ya miwani. Akasema, "Kijana, hapa ni dukani. Kama una neno, neno hilo lina wazee wake."

Mzee wangu ni wewe, tangu baba alipofariki. Naomba uje uniposee.

Kuna jambo dogo. Maalim ana msimamo wake wa siasa. Siutaji, kwa sababu bahasha ya basi hupita mikono mingi. Nitasema tu kwamba hukumu ilimfurahisha. Na tukilazimika kutaja watu, tusitaje majina. Napendekeza mmoja tumwite Mshindi.

Mwanao,
Munir


Malindi
30 Septemba 2022

Mwanangu Munir,

Waalaikumu salaam. Barua yako nimeipata kwa kuchelewa kwa sababu utingo wa basi aliipeleka kwa Abdulrauf muuza samaki. Huyo naye aliisoma yote kabla ya kugundua kwamba hana mtoto Nairobi. Anakupa hongera.

Goti la mamkubwa wako halijambo. Mvua bado. Bei ya unga umeisikia. Mjukuu wetu wa darasa la tano ametumwa na mwalimu alete sanamu ya kutishia ndege shambani. Babu ni mshona kanzu, shamba hana, lakini nimeshona sanamu. Imevaa kanzu. Mwalimu ameipa alama za chini kwa sababu eti haitishi. Nchi ambayo serikali inawapa wazazi kazi ya nyumbani, mimi siielewi.

Kwanza, tusimwite Mshindi. Nani kakwambia ameshinda? Tumwite Aliyetangazwa. Na wetu tumwite Aliyenyimwa.

Pili, kwa kuoa umenifurahisha mpaka nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano. Vijana wa siku hizi wanakopa kwenye simu, wanabashiri mpira kwenye simu, wanatukanana kwenye simu, na ukiwauliza kuoa wanasema uchumi. Wewe umesema. Na umetuma karatasi, ndivyo inavyotakiwa, mambo ya mke si ya kuandikiana pamoja na picha za paka.

Lakini umeniandikia kwamba hukumu ilimfurahisha.

Munir, siku ya hukumu tulikaa barazani kwa muuza kahawa baada ya alasiri, wanaume wazima, kama watu waliofiwa. Mimi nikasimama. Sikupanga kusimama. Nikasema: Wallahi, tangu leo sitatia tonge wala tone mdomoni ndani ya nyumba yoyote yenye mtu aliyempigia kura yule. Watu wakaitikia kwa sauti mpaka buli la kahawa likatikisika. Sasa ni kiapo, na kiapo si tangazo la ofisi ya Bi Wangui.

Posa bila kuonja kahawa ya mwenye binti ni matusi. Nikiionja nimevunja kiapo, na nikikataa nimekuvunjia posa. Kwa hiyo tafuta binti mwingine. Yuko wa Sheikh Omari wa Mambrui, nyumba nzima ilimpigia Aliyenyimwa, mpaka bibi yao aliyebebwa kwa kiti.

Mimi afya ni nzuri kiasi. Nimepungua kidogo. Siku hizi nakula kwa Hezekiah, mwenye mkahawa karibu na stendi. Wali wake mgumu. Nilimwuliza kwanza, akaapa kwamba siku ya kura aliumwa na tumbo, hakutoka.

Nyumbani ni salama. Sina la kuongeza hapo.

Ami yako,
Abdulrauf


Kangemi
16 Oktoba 2022

Kwa Ami Abdulrauf,

Assalamu alaikum. Mafua yameisha. Dalmas amepata kazi ya mabomba kwenye nyumba moja kubwa ya Kitisuru, ambako anasema mbwa wana chumba chenye maji ya moto. Nafurahi goti halijambo, na pole kwa alama za sanamu.

Nimeyakubali majina. Kwa yule wa pili naomba niandike Asiyetangazwa, kwa sababu mimi ni karani wa mwanasheria na "Aliyenyimwa" linahitaji ushahidi.

Ami, binti mwingine sitaki. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa na nimeiacha.

Nilikwenda dukani kwa Maalim kwa kisingizio cha kununua kofia. Sasa ninazo tano. Nilitaka kumjua vizuri ili nikueleze, na nakueleza kwa uaminifu. Anasema vijana wanaobashiri mpira wangechapwa. Anasema mikopo ya simu ni riba iliyovaa suti. Anasema kiongozi asiyeamka alfajiri hawezi kuamka kwa ajili ya mtu mwingine. Juu ya masomo mapya ya shule alinionyesha mjukuu wake aliyetumwa kufuga sungura kwenye ghorofa ya sita, na sungura amekula waya wa jokofu. Anasema ubaya wa nchi hii hautoki kwa waliompigia huyu au yule, unatoka kwa waliobaki kitandani siku ya kura wakisema wote ni wamoja. Anaona kura ya kupanga mlolongo ndiyo iliyokuwa ya kiume, maana ukisimama nyuma ya mtu wako, dunia nzima inakuona.

Kama nisingemwona kwa macho yangu ningedhani ni wewe umefungua duka la kofia. Mnatofautiana jambo moja tu katika dunia nzima, na jambo hilo limekwisha kuamuliwa na watu wengine.

Nikamwambia nina neno, na ami yangu ndiye atakayekuja kulisema. Akaniuliza: "Na huyo ami yako yuko upande gani?" Nikasema upande wa baharini. Aliniangalia muda mrefu, na mimi nikanunua kofia ya tano.

La kutisha ni kwamba kuna mwenzangu. Anaitwa Mujahid, ana duka la vipuri na gari lenye madirisha meusi. Maami zake walikwisha kwenda Kileleshwa na sinia la halwa. Maalim amewaambia kwamba neno langu lilitangulia, kwa hiyo watasubiri kidogo, lakini hatavuka Shaaban bila kumjibu mtu.

Je, kiapo hakina mlango wa nyuma? Huwezi kuja ukiwa umefunga, ukaondoka kabla ya magharibi?

Na, Ami, naomba kuuliza kwa adabu. Kwa nini unakula kwa Hezekiah?

Mwanao,
Munir


Malindi
20 Novemba 2022

Mwanangu Munir,

Waalaikumu salaam. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mashono ya harusi na kwa sababu nilikuwa nafikiri. Mvua imekuja mara moja ikatuudhi ikaenda. Yule Abdulrauf wa samaki anauliza posa imefika wapi. Nimemwambia asifungue bahasha za watu, akasema basi asimuliwe.

Hayo aliyosema Maalim kuhusu mikopo ya simu ni maneno ya mtu mwenye akili. Na la mlolongo nimekuwa nikilisema miaka yote na watu wananicheka. Ukisimama mstarini, hata wa nyumbani kwako unamwona amesimama wapi, hungoji kuja kuambiwa baadaye mbele ya sahani. Kura ya siri imeleta mambo majumbani.

Nikija nimefunga nitakuwa nimemficha mwenye nyumba sababu. Posa haiingii mlangoni kwa ujanja. Hilo liache.

Sasa kuna rafiki yangu mmoja. Humjui. Aliapa kiapo cha namna hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, kwa maneno mapana kidogo kuliko alivyokusudia. Kesho yake akagundua kwamba kiapo chake kimefunga nyumba moja ambayo hakuifikiria kabisa, nyumba anayohitaji kula ndani yake mara kwa mara. Masheikh wa hapa hawezi kuwauliza, maana walikuwa barazani na waliitikia. Huko Nairobi kuna wanachuoni. Uliza kwa niaba yake, usitaje mji.

Swali lako la mwisho sikulielewa, mwandiko ulikuwa hafifu.

Ami yako,
Abdulrauf

(Nyuma ya karatasi, kwa wino wa kijani:)

Munir mwanangu, ni mimi Salme, nimepewa bahasha niitie gundi. Ami yako amekonda mpaka kanzu zake anazipunguza mwenyewe. Kila Ijumaa napika pilau na inaliwa na majirani. Yeye huja mpaka mlango wa jiko, akanusa, akaenda kwa Hezekiah. Mimi nilipiga kura yangu kama mtu mzima, na aliponiuliza nilimwambia kweli. Ningejua kitakachofuata ningemwambia hivyo hivyo. Fanya haraka na wanachuoni wako.


Kangemi
4 Desemba 2022

Kwa Ami Abdulrauf,

Assalamu alaikum. Natumai mmeamka salama, na kwamba yule rafiki yako anapata chakula mahali.

Sijui wanachuoni wengi, Ami. Najua mmoja. Nilikwenda mtaa wa Biashara na kumwuliza Maalim Badawi, kwa niaba ya rafiki wa mtu ninayemfahamu. Nilikuwa nimeandika swali kwenye karatasi ili nisikosee neno.

Maalim alifunga droo ya duka, maana dini haisemewi juu ya pesa. Akauliza mtu huyo alisema maneno gani hasa. Nikamsomea. Akauliza, "Alisema nyumba yoyote?" Nikasema ndiyo. "Hakutoa hata moja?" Nikasema hakutoa. Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana, na mabega yake yakawa yanacheza. Kisha akauliza kama mtu huyo ana mke. Nikasema sina habari. Hiyo ni mara ya kwanza kumdanganya, na nadhani hakudanganyika.

Jibu lake ni hili. Mtu akiapa, kisha akaona kheri iko upande wa pili wa kiapo, na afanye lililo la kheri na atoe kafara. Kafara ni kulisha maskini kumi chakula cha wastani, cha namna anayolisha watu wa nyumbani kwake. Nikauliza kama kafara hiyo inafungua nyumba moja tu. Akasema kiapo ni kimoja, kikifunguka kimefunguka, milango yote. Akarudia "yote" huku ananiangalia.

Nilipokuwa natoka akaniita. "Mwambie huyo rafiki," akasema, "mke aliyemwambia mumewe kweli mbele ya sahani ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Wangu mpaka leo hajaniambia alimpigia nani."

Sikuwa nimemtajia sahani, Ami. Sijui aliitoa wapi.

Mujahid amebadilisha gari. Hili la sasa ni kubwa zaidi. Shaaban inaingia mwezi wa Februari.

Mwanao,
Munir


Malindi
18 Januari 2023

Mwanangu Munir,

Waalaikumu salaam. Heri ya mwaka, ingawa si wetu.

Rafiki yangu ametoa kafara. Haikuwa rahisi. Kupata maskini kumi katika mji ambao kila mtu analia njaa ni kazi. Uliyemdhania maskini anakasirika, na usiyemdhania anakuja na binamu. Walifika kumi na tisa. Hakuna aliyerudishwa.

Chakula kilitakiwa kiwe cha wastani. Mke wa rafiki yangu alielezwa hivyo, akajibu kwamba yeye kupika cha wastani hajui na wala hatajifunzia uzeeni. Akapika pilau ya nyama. Rafiki yangu alisimama uani kugawa sahani, na harufu ile, Munir, kwa mtu aliyekula wali wa Hezekiah tangu Septemba, ilikuwa mtihani. Mmoja wa maskini alipokwisha kushiba alisema kwa hiari yake kwamba yeye alimpigia Aliyetangazwa. Rafiki yangu akamwongeza nyama.

Jioni hiyo akala nyumbani kwake. Nimeambiwa alirudia.

Mimi mwenyewe naona kafara hiyo imenitosha na mimi, kwa kuwa viapo vilifanana. Usiulize sana. Nitafika Nairobi Jumamosi ya tarehe kumi na moja Februari pamoja na Mzee Athman, mwenzangu wa barazani. Wewe usije Kileleshwa, mposaji haonekani posa inaposemwa. Kaa kazini kwako utulie.

Ami yako,
Abdulrauf


Kileleshwa, Nairobi
13 Februari 2023

Mwanangu Munir,

Nakuandikia kutoka sebuleni kwa Maalim. Nampa mtu wa dukani akuletee ofisini. Tulifika salama. Tulipanga kukaa kidogo tu, lakini Maalim hakukubali, na kwa kweli mimi pia sikuona haraka.

Munir, huyu ni mtu. Wapi ulimpata? Tulianza na mikopo ya simu kabla sijavua viatu. Tulipofika kwenye masomo mapya, alimleta sungura mwenyewe nimwone. Tumeamua kuandika waraka kwa wakubwa wa elimu, na tuko ukurasa wa sita. Yeye anasema maneno, mimi natia ukali. Mzee Athman amerudi Malindi jana, alisema masikio yamechoka.

Kahawa yao ni nzuri. Kaimati pia. Nimekula kila kitu, kwa moyo mweupe. Maalim aliniuliza habari za rafiki yangu, kama sasa anakula nyumbani. Nikasema amenenepa. Hakuuliza zaidi, ndiyo adabu hiyo.

Kuhusu lile jambo lako, bado hatujalifikia. Mazungumzo yana mtiririko wake.

Ami yako,
Abdulrauf


Mjini, ofisini
14 Februari 2023

Kwa Ami Abdulrauf,

Assalamu alaikum. Goti la Mamkubwa, mvua, bei ya unga, vyote naviombea kheri. Barua hii anakuletea Dalmas, ambaye amekuja mjini kununua vifaa na atapita Kileleshwa akirudi kwenye mabomba yake ya Kitisuru. Nimemwomba asikuulize wewe ni wa nani.

Ami, mimi ni mwoga. Unajua. Naogopa Bi Wangui, naogopa utingo wa basi, naogopa ngazi za ofisi. Tangu Agosti naogopa kumjibu mtu yeyote swali lolote. Watu wote wakubwa ninaowapenda wamegeuka kuwa watu wa kupitiwa kwa uangalifu, kama waya uliolegea. Nimekuwa nikisema ndiyo kwako, ndiyo kwa Maalim, ndiyo kwa Dalmas, na leo nimechoka.

Hukuja Nairobi kwa ajili ya sungura. Ulikuja kwa ajili yangu. Umeketi nyumba moja na msichana ninayetaka kumwoa, umekula kaimati alizozipika yeye, ndiyo, ni yeye anayezipika, na hujataja jina langu. Maami zake Mujahid wanarudi keshokutwa, Alhamisi. Wao hawana waraka wowote wa kuandika. Wakiingia watasema walichokuja kusema.

Nadhani najua kwa nini hulifikii. Ukisema posa, mtakuwa ndugu. Na mkiwa ndugu itabidi siku moja mzungumze lile jambo moja ambalo hamjaligusa. Mnaliogopa nyote wawili. Karibuni, Ami. Mimi nimelala nalo tangu Agosti.

Naomba radhi kwa barua hii. Lakini siifuti.

Munir


Malindi
16 Februari 2023

Mwanangu Munir,

Waalaikumu salaam. Nimefika nyumbani leo alfajiri. Mamkubwa wako hajambo, nimekula.

Barua yako nilisomewa na Maalim. Miwani yangu ilikuwa mbali, na mimi sikujua ndani mna nini, nikamwambia nisomee, hapa hakuna siri. Akaisoma yote kwa sauti. Alipofika kwenye kaimati aliangalia mlango wa jiko, kisha akaendelea mpaka mwisho. Yule Dalmas alikuwa bado amesimama mlangoni, akasema, "Wazee, huyo kijana amewapanga." Akaenda zake.

Halafu Maalim akasema basi na tuliguse. Tukaligusa.

Sitakuandikia yote. Mimi nilitoa jumla zangu tatu. Yeye akauliza jumla tatu ni za nini kama kura ni moja. Nikasema majaji ni watu. Akasema na wewe ni mtu, tena mwenye sindano, nani kakupa kuhesabu nchi. Nikamwambia anayefurahia hukumu asiyoisoma ni mtoto. Akasema ameisoma. Akaileta, Munir, ameipiga chapa dukani kwake, ina alama za wino kila ukurasa. Hilo lilinikasirisha kuliko yote. Nikaingia chumbani, nikachukua begi, nikavaa viatu.

Nilikuwa nimeshika kitasa aliponiita. Sauti yake ilikuwa bado ya ugomvi.

"Abdulrauf, umekaa kwangu siku hizi zote na hukusema kilichokuleta. Unaondoka nacho?"

Nikageuka. Nikasema, begi mkononi, "Nimekuja kuposa. Nataka binti yako Nabiha kwa mwanangu Munir. Na hukumu ilikuwa ya uongo."

Akasema, "Binti nimekupa. Na hukumu ilikuwa ya haki."

Nilitaka kumjibu, na yeye alikuwa amefungua mdomo aongeze, lakini mkewe akapiga vigelegele huko jikoni, virefu, mpaka majirani wa ghorofa ya juu wakaitikia, na baada ya hapo hakuna mwanamume aliyeweza kusema kitu. Maalim akaingia ndani kumwuliza binti, kama sharia inavyotaka. Akarudi akasema, "Anakubali tangu Oktoba. Anauliza sisi tutamaliza lini."

Nikaweka begi chini tukasoma Fatiha. Kisha nikaenda kupanda basi, kwa sababu nilikuwa nimeshavaa viatu.

Barua yako ilikuwa ya utovu wa adabu. Nimeitia kwenye sanduku la vyeti vya nyumba.

Ami yako,
Abdulrauf


Kangemi
19 Februari 2023

Kwa Ami Abdulrauf,

Assalamu alaikum. Natumai umepumzika, na Mamkubwa anakulisha.

Ofisini, Bi Wangui aliposikia amenipa ruhusa ya siku tatu, kisha akatoka kwenye ngazi yeye mwenyewe kuwatangazia watu. Dalmas ameshajialika na anauliza kama anaruhusiwa kuvaa kofia. Nimempa moja, ninazo za kutosha.

Jana niliitwa Kileleshwa kwa mara ya kwanza. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti. Nabiha alileta chai, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli niliandika "siifuti". Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, akaenda. Ami, sijapata kuandika neno lolote lililonifaa kama hilo.

Nikahi ni Ijumaa tarehe tatu Machi, baada ya alasiri, kabla Ramadhani haijakaribia. Maalim amepanga mwenyewe nani akae wapi msikitini. Nilimwuliza, nikitarajia mabaya, wewe amekuweka mahali gani. Akasema utakaa kulia kwake, karibu kabisa, goti kwa goti. Nikamshukuru kwa heshima hiyo.

"Si heshima," akasema. "Nataka nimsikie vizuri atakapoanza tena."

Mwanao,
Munir